Je, nimzuie kaka asiingie kwa mama Ramadhani hii?

(Barua hii na jibu lake ni za Aprili 2021, wakati wa korona; kafyu, utaratibu wa chanjo na mengineyo yanayotajwa ni ya wakati huo.)

Assalam alaikum, Mama.

Nakuandikia nikiwa na uzito moyoni, na naomba unijibu kabla mwezi haujaandama, maana nyumbani kwetu salamu zenyewe zimekuwa za shida.

Mimi ni kitinda mimba katika watoto wanne. Naishi Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa, pamoja na mama yangu mwenye umri wa miaka 71. Ana sukari ya miaka mingi, na presha juu yake. Baba ameshatangulia mbele ya haki. Kaka mkubwa yuko Kisauni, anaendesha tuktuk. Kaka wa pili yuko Likoni, kila siku anavuka feri kuja kazini. Dada yetu ameolewa Malindi. Mimi nilirudi nyumbani ndoa yangu ilipovunjika, na tangu hapo shughuli zote za mama ziko mikononi mwangu: dawa, kliniki, chakula, hata kumwogesha siku ambazo magoti yanamkatalia. Mchana nauza leso, yaani kanga, katika duka la Biashara Street, na mama hubaki na msichana wa kazi anayekuja asubuhi kutoka mtaa wa Bangladesh hapa Mombasa na kuondoka jioni.

Tangu nipate akili, Ramadhani watu wote hufuturu kwa mama. Mbaazi za nazi na mahamri, viazi vya nazi, kaimati, uji wa pilipili manga, watu wamejipanga mkekani kila kundi na sinia lake, na wajukuu wanapita mmoja mmoja kumbusu bibi yao mkono. Mwaka jana haikuwezekana. Mei 2020 serikali iliufunga Mji wa Kale kwa sababu ya korona, hapana kuingia wala kutoka, tukawa tunafuturu mimi na yeye. Alikuwa akila tende, anakunywa maji, kisha anaisukuma sahani.

Mwaka huu kaka mkubwa ameandika kwenye grupu la familia kwamba futari ni kwa mama kama kawaida. Nikajibu kwamba wimbi hili la tatu la korona ni kali, na kwamba mwezi uliopita Rais amefunga kaunti tano. Akanirudishia: "Amefunga Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Nakuru. Mombasa hakuifunga. Wewe ni nani uifunge nyumba ya mama?" Akaongeza kwamba kila nafsi itaonja mauti, na kumkimbia ndugu yako kwa kuogopa ugonjwa ni upungufu wa imani. Kaka wa pili akanyamaza. Dada naye akaweka tu uso wa kulia.

Ijumaa iliyopita kaka mkubwa alikuja na watoto bila kunipa habari, naye anakohoa. Nikasimama mlangoni nikamwambia kwa leo wakae barazani, nitamtoa mama awaone. Hakunijibu neno. Aliwashika watoto mikono akaondoka nao. Mama alikuwa ndani anasikia yote, na tangu siku hiyo ananijibu mkato mkato. Kauli yake ni hii tu: "Nimebakiwa na siku ngapi hata nizimalize bila kuwaona wanangu?"

Chanjo pia ameikataa. Amesikia kwamba inagandisha damu, na jirani amemwambia sindano inafunguza saumu.

Mimi binafsi sijaumwa hata mara moja tangu korona iingie nchini, wala siogopi kwa nafsi yangu. Namwogopea yeye. Nina haki ya kumzuia kaka yangu mkubwa asiingie nyumba ya mama yake? Au ninamwonea mama kwa jina la kumlinda?

Mlezi wa mama, Kibokoni

*

Wa alaikum salaam, mwanangu.

Nianze na jibu unalolingojea, upumue. Haki unayo. Mtu anayekohoa hana ruhusa ya kuingia chumbani kwa mama wa miaka 71 mwenye sukari na presha katika wakati huu, awe kaka, awe sheikh, awe daktari asiyevaa barakoa. Kumwonyesha baraza hukumvunjia heshima. Baraza ni mahali pa heshima kwetu, na penye hewa. Ungekuwa umemkosea kama ungemwambia arudi Kisauni.

Lakini barua yako imebeba jambo ambalo hukuliuliza, nami nitakuwa sikukufaa nikilipita. Umeniandikia habari za kikohozi cha kaka, feri ya kaka wa pili, watoto na mikono yao. Kuhusu wewe mwenyewe umeandika sentensi moja tu: hujaumwa hata mara moja. Hebu tulitazame duka lako. Biashara Street wiki hizi za kuelekea mwezi, na zaidi kumi la mwisho watu wanapotafuta nguo za Idi, haina pa kupitisha mguu. Mteja anakunjuliwa doti moja, anataka ya pili, anainama kulisoma jina lililoandikwa kwenye leso kwa sauti, anamwita shoga yake aje alisome naye, wanacheka, wanateta bei, na wewe uko upande wa pili wa meza, huwezi hata kunyoosha mkono wote. Jioni unafunga duka, unarudi kumwogesha mama, uso kwa uso, katika bafu lisilo na dirisha.

Ugonjwa huu humwambukiza mtu mwingine kabla aliyenao hajajijua. Siku moja au mbili kabla ya homa kuanza tayari anautoa kwa pumzi na mate anapozungumza, na wako wanaoubeba mpaka ukaisha bila hata mafua. Kwa hiyo uzima wako hautuambii kitu kuhusu usalama wa mama. Aliye karibu naye kuliko wote ni wewe, na korona ikiingia nyumba hiyo, njia yake fupi ni yako. Sikulaumu hata kidogo; kazi unayoifanya wengi wameishindwa. Ninakuambia kwa sababu ulinzi wa mgonjwa huanza kwa anayemgusa, na kwa sababu kaka yako ameliona hilo hata kama hakulisema. Anaona dada yake anapokea mamia dukani kisha anamzuia yeye mlangoni. Hapo ndipo moto ulipowaka.

Basi anza na nafsi yako. Barakoa dukani iwe inafunika pua na mdomo kutwa nzima, hata mteja akikuambia hasikii unachosema. Mwombe mwenye duka aache milango yote wazi na aingize watu wachache kwa zamu. Kama ana akili ya biashara atakubali, maana muuzaji akiugua duka ndilo litakalofungwa. Ukirudi nyumbani oga, badilisha nguo, ndipo uende kwa mama. Unapomwogesha baki na barakoa, na mlango wa bafu ukae wazi kadiri stara inavyoruhusu. Siku utakayohisi koo linawasha, au chakula hakina harufu, usimguse. Ndiyo maana ni lazima pawe na mtu mwingine anayejua dozi za dawa zake na saa zake. Kwa sasa naona hakuna, na hilo linanitia hofu kuliko kikohozi cha kaka.

Sasa huyo msichana wa kazi. Umemtaja mara moja ukampita, na anashinda na mama kuliko mtoto yeyote kati yenu wanne. Anatoka Bangladesh kwa matatu asubuhi, anarudi kwa matatu jioni, na kwao pengine ni chumba kimoja watu wengi. Barakoa anapewa au anajinunulia? Na akiamka na homa, atakuambia? Jiulize hili kwa ukweli kabisa. Ikiwa siku asiyokuja ni siku asiyolipwa, hatakuambia. Atakunywa panadol na kuja, kwa sababu kuna watu wanaomtegemea, na mimi siwezi kumlaumu. Mwambie leo, kwa maneno yasiyo na kona, kwamba akiugua abaki kwao na mshahara wake utakuwa pale pale. Hiyo ni kinga ya mama yako, na ni haki ya yule binti pia, ambaye naye ana mapafu. Gharama usiibebe wewe peke yako. Kaka zako waichangie.

Nakuja kwa kaka mkubwa. Hoja yake ya kwanza ni kwamba serikali haikuifunga Mombasa. Ni kweli, tuna kafyu ya saa nne usiku tu. Lakini serikali inapofungua mji inapima hospitali zake, shule zake, uchumi wake. Haijui kwamba Kibokoni kuna mama fulani ambaye figo na moyo vimeshachoshwa na sukari. Malori ya mizigo yanapanda kutoka bandarini hadi Nairobi na kurudi kila siku, na mpaka wa kaunti hauzuii pumzi. Kinachoruhusiwa kwa watu wote si lazima kimfae huyo mmoja, na anayemjua huyo mmoja ni nyinyi.

Hoja ya pili ni ya imani, nami naiheshimu, kwa sababu inatoka kwa mtu anayetaka kufuturu na mama yake. Mkumbushe kisa ambacho bila shaka amekisikia msikitini. Sayyidna Omar, akiwa khalifa, alikuwa njiani kwenda Sham, upande wa Syria, akapata habari kwamba tauni imeingia huko. Akashauriana na masahaba, kisha akaugeuza msafara. Abu Ubaida akamuuliza: je, unaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu? Akamjibu kwamba ndiyo, wanaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu kuiendea kadari ya Mwenyezi Mungu. Kisha akaja Abdurrahman bin Auf na hadithi ya Mtume, kwamba mkisikia tauni iko katika nchi msiiingie, na ikiwakuta mkiwa ndani msitoke kuikimbia. Ni nani kati yetu atakayesema Omar alipungukiwa imani? Kila nafsi itaonja mauti, naam, na aya hiyo inamtuliza aliyefiwa. Haimpi mtu ruhusa ya kuwa sababu.

Ila usiyaandike haya kwenye grupu. Grupu la familia ni mahali pa kushindana, kila mtu anajibu kwa ajili ya wanaosoma. Mpigie usiku anapomaliza kazi. Umwambie hivi, au kwa maneno yako: "Kaka, nimeanza na mimi, dukani navaa, nikirudi naoga kabla ya kumgusa mama. Nakuomba na wewe unisaidie, maana peke yangu siwezi." Kama kuna mjomba anayesikilizwa, ajue mapema, asije akaletewa upande mmoja. Na usimwache kaka na kazi ya kukasirika tu. Ana tuktuk: awe anawaletea vitu vya Marikiti na kuvishusha barazani, na siku ya kliniki awabebe nyinyi wawili peke yenu, pazia za pembeni zikiwa zimekunjwa, upepo upite. Nina hakika atafurahi kuliko unavyodhani. Mwanamume anayeambiwa "usije" hubaki na hasira. Akiambiwa "tunakuhitaji hapa" mambo hubadilika.

Sasa mama mwenyewe. Katika ugomvi wote huu sijaona mahali mlipomuuliza anataka nini. Amesema anataka kuwaona wanawe, na hilo ni jambo kubwa. Mzee anayekula tende na kuisukuma sahani naye anaumia, na mgonjwa wa sukari asiyekula vizuri ana hatari yake. Mama yenu ni mtu mzima mwenye akili timamu. Keti naye, mweleze kwamba ugonjwa huu huwakamata vibaya zaidi wenye umri wake na maradhi yake, kisha msikilize. Ana ruhusa ya kuchagua hatari kidogo kwa ajili ya wanawe. Asichoweza kukichagua ni kumwambukiza yule binti wa kazi, au majirani mnaotumia nao ngazi moja, na hilo pia mwambie. Utashangaa, wazee wengi wanaokataa kujilinda wenyewe hujilinda mara moja wakiambiwa ni kwa ajili ya mtoto wa mwenzao. Na mkiwa hapo, mkumbushe alichomwambia daktari wake kuhusu kufunga. Dini imemwekea fidia mgonjwa kama yeye.

Kuhusu futari, nyumba zetu za Mji wa Kale zina kuta nene na madirisha machache, na chumba kile mnachotandika mkeka watu ishirini ndicho kibaya kuliko vyote. Lakini nyumba hizo hizo zina paa la saruji juu mnakoanikia nguo, na saa ya magharibi upepo wa bahari unapita pale bila kuzuiwa. Mkeka upande juu. Kama magoti ya mama hayawezi ngazi, basi ni uani au barazani, popote penye mbingu. Ije familia moja kwa jioni moja: leo wa Kisauni, baada ya siku kadhaa wa Likoni, na yule wa Malindi aje mara moja mwezi ukiwa katikati, akae pembeni na mama wazungumze. Anayevuka kutoka Likoni, kama mwendo haumsumbui, tangu mwanzo wa mwaka kuna daraja la kuelea la Liwatoni; atembee hewani kuliko kubanana kwenye feri. Sinia mwaka huu hapana. Kila mtu na sahani yake, na mama apakuliwe wa kwanza na wewe, akae upande unakotokea upepo. Watoto waweke mkono kifuani wamsalimie bibi. Kubusu mkono kutarudi. Na watoke mapema, kafyu isiwakute Nyali Bridge.

Najua chakula kitapoa kwa kupandishwa ngazi. Kipandisheni hivyo hivyo.

Kuna jambo lililotuumiza sana mwaka jana hapa mjini, nalo ni aibu. Mtu akikohoa majirani wanafunga madirisha. Watu walichukuliwa kupelekwa karantini wakadaiwa pesa za kukaa huko, maiti zikazikwa na waliovaa mavazi meupe huku jamaa wamesimama mbali. Matokeo yake watu wakajifunza kuficha. Kaka yako aliposimama mlangoni akikohoa, sidhani alitaka kumdhuru mama yake. Nadhani alikuwa ameshajiambia ni mafua ya mabadiliko ya hewa, kwa sababu jibu jingine linamtisha. Katika familia yenu fanyeni jambo hili liwe jepesi. Mtu akijisikia vibaya aandike "leo sipo sawa" na asiulizwe kama mahakamani. Sufuria yake ya mbaazi ipelekwe mpaka kwake. Na kwa kikohozi cha sasa, kaka akae mbali na mama mpaka kikohozi kiishe na siku 14 zipite, au apime. Akikataa yote haya, hata kwa mjomba, basi mlango utakuwa baraza, na wewe simama hapo hapo uliposimama Ijumaa. Usiombe msamaha kwa hilo.

Chanjo nimeiacha mwisho kwa kuwa ina haraka. Shehena ya kwanza ya AstraZeneca ilifika nchini tarehe 3 Machi mwaka huu, zaidi ya dozi milioni moja, na sasa wenye miaka 58 na zaidi wanachanjwa. Mama yako yumo, wewe bado. Habari ya damu kuganda hakuisikia hewani, ipo, na usimdanganye kwamba ni uzushi. Mwezi huu huu shirika la Ulaya linalosimamia dawa limeitazama na kusema ni tukio la nadra sana, kwamba wengi waliopatwa ni wanawake walio chini ya miaka 60, na kwamba faida ya chanjo ni kubwa kuliko hatari yake. Kwa mwanamke wa miaka 71 mwenye sukari, korona yenyewe ndiyo ya kuogopwa. Na kuhusu saumu, masheikh wengi wameshaeleza kwamba sindano ya msulini isiyo ya lishe haifunguzi. Kama bado ana wasiwasi, mwite imamu wa msikiti wenu amwambie mwenyewe kwa mdomo wake, jirani anyamaze.

Mpeleke wiki hii, kabla ya mfungo, ili akipata homa ya siku moja baada ya sindano aweze kunywa maji na dawa bila kusitasita. Hospitali Kuu ya Pwani wanachanja. Nendeni asubuhi kabla jua halijapanda, na kitambulisho chake na kadi yake ya kliniki, na umwambie mhudumu dawa zote anazotumia. Kinga haiji siku hiyo hiyo, inahitaji wiki kadhaa, na dozi ya pili msiikose. Kwa hiyo paa na sahani mbalimbali vinaendelea hata akishachanjwa. Kama mnaweza kuchangiana, nunueni kile kipimo cha oksijeni cha kubana kidole. Kikisoma 94 au chini, au akianza kuhema akiwa amekaa, msingojee kupambazuke: piga 719, nambari ya Wizara ya Afya, na kaka mwenye tuktuk awe ameshawasha injini.